Mtoto akisoma "mutoto", andikeni "mutoto"

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie namna tunavyopima usomaji wa watoto wa darasa la kwanza na la pili. Kila takwimu za KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, zinapotangazwa, magazeti huandika asilimia: wangapi wanajua kusoma, wangapi hawajui, mkoa upi umeshika mkia. Wazazi hushtuka, viongozi huagiza, na Jumatatu mwalimu anaingia darasani na asilimia ile ile, asijue aanze na nini. Haiwezi kumwambia. Kinachoweza kumwambia ni makosa yenyewe ya mtoto, neno kwa neno, na hayo ndiyo tunayoyatupa mara tu jumla inapopatikana.

Wasomaji wengi hawajauona upimaji wenyewe, kwa hiyo nieleze unavyokwenda. Chombo kilichoenea sana katika nchi zetu kilibuniwa mwaka 2006 na hujulikana kwa kifupi chake cha Kiingereza, EGRA, yaani upimaji wa kusoma katika madarasa ya awali. Mtoto mmoja hukaa na mpimaji mmoja. Hupewa karatasi ya herufi 100 zilizochanganywa, akataja sauti zake kwa sekunde 60. Hufuata silabi, kisha maneno 50 ya kawaida, kisha maneno 50 ya kubuni yasiyo na maana yoyote, kisha kifungu cha habari cha maneno kama 60, na mwisho maswali matano ya ufahamu. Akisita kwa sekunde tatu, huonyeshwa inayofuata. Akikosa mstari wote wa kwanza, zoezi hilo husimamishwa asije akateseka bure. Akikosea kisha akajirekebisha mwenyewe, huhesabiwa amepatia. Upimaji mwingine, Uwezo, ulioanza Afrika Mashariki mwaka 2009 kwa kufuata mfano wa ASER, upimaji wa majumbani wa India, hauhitaji saa. Wapimaji wake huenda majumbani, wakamkuta hata mtoto aliyeacha shule, na humpandisha ngazi kwa ngazi hadi hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili, wakaandika ngazi aliyoishia.

Wazazi hucheka wakisikia kuhusu maneno ya kubuni. Mtoto wa watu asomeshwe "tefi" na "lomu" kwa faida gani? Faida ni kwamba "tefi" halijaandikwa katika kitabu chochote, hakuna aliyelikariri kwa kuimba, wala hakuna picha ya kulibahatishia. Anayelisoma amelisoma kwa herufi zake. Mtoto anayesoma "baba" na "kuku" bila wasiwasi kisha akakwama kwenye "tefi" anayajua maneno yale kwa sura, kama anavyoijua chapa ya sabuni.

Vyombo hivi ni vizuri kwa kazi yake, yaani kuiambia nchi imefika wapi. Mwalimu anahitaji kitu kingine. Katika karatasi ya mpimaji, neno lililokosewa hukatwa kwa mkwaju, yaani mstari wa mshazari. Chukua neno "mtoto". Mwanafunzi wa kwanza kasoma "mutoto", wa pili "mtito", wa tatu kasema "mama", wa nne kanyamaza. Hiyo ni mikwaju minne inayofanana kama pacha. Lakini wa kwanza anajua herufi zote, kinachomshinda ni konsonanti iliyosimama bila irabu. Wa pili anachanganya irabu. Wa tatu hasomi, anabahatisha kwa kutazama picha. Wa nne huenda haoni vizuri, au anamwogopa mgeni. Ukiwapa wote wanne somo moja, watatu umewapotezea kipindi.

Chanzo cha "mutoto" tumekitundika wenyewe ukutani. Ni ile chati ya ba be bi bo bu. Mtoto anaimba kwa miezi kwamba kila konsonanti huja na irabu yake, kisha siku moja anakutana na m iliyo peke yake mbele ya t. Anaipa irabu, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa, na anaipa u kwa sababu lugha ya nyumbani mara nyingi inamsaidia kukosea: Kisukuma husema munhu, Kihaya omuntu. Ugonjwa huo huo ndio unaozaa "makitaba" kwa maktaba, "dafutari" kwa daftari na "labuda" kwa labda. Dawa yake haimo ndani ya chati. Ni kuifundisha m kama silabi inayojitegemea, na kufanya hivyo kwa mikono kabla ya macho: m-to-to, makofi matatu, m-ti, makofi mawili, m-ge-ni, matatu. Kisha uweke mbuzi kando yake, mbu-zi, makofi mawili tu, maana pale m na b zimeshikana. Watoto wa darasa la pili hufurahia sana neno "mbaya", kwa kuwa mtu m-ba-ya hupigiwa makofi matatu na nyumba mba-ya mawili, na maandishi ni yale yale. Katika maneno mafupi kama mbwa, nchi na nta, hiyo m au n hubeba hata mkazo wa neno. Anayepuuza hapa asishangae mtoto akisoma "inchi".

Kosa la b na d ni jepesi zaidi kulieleza na gumu zaidi kulifuta. Herufi hizi ni umbo moja lililogeuzwa, na mtoto wa miaka sita amezoea kwamba kikombe ni kikombe hata kikigeuzwa mkono upande wa pili. Kwetu kuna nuksi ya ziada: "baba" na "dada" yote ni maneno ya kweli, yote ni ya nyumbani, na ukurasa wa familia huyaweka pamoja. Mtoto akisoma moja badala ya jingine, sentensi bado inaleta maana, na hakuna wa kumshtua. Zisifundishwe wiki moja. Fundisha b hadi izoeleke, pitisha walau wiki nne za herufi nyingine, ndipo ilete d. Mfundishe pia mwendo wa mkono: b huanza na fimbo kutoka juu, d huanza na duara. Mkono ukizoea, jicho hufuata. Mambo hayo hayo yahusu m na n, na u na n, ingawa hizo husumbua kwa muda mfupi zaidi.

Sasa nifike kwenye kosa ambalo kwa maoni yangu ndilo linalowaangusha watoto wengi zaidi wa darasa la pili, na ambalo mkwaju hulificha kabisa. Kiswahili huanza vitenzi vyake kwa namna moja. Analima, analipa, analia, analala: nusu ya kwanza ya neno haisemi kitu kipya. Tofauti imejificha katikati au mkiani. Mtoto aliyezoea kutazama mwanzo wa neno na kukisia anasoma "anacheza" pale palipoandikwa "anachora", na kwa kuwa watoto wote wawili, wa kwenye kitabu na wa kwenye dawati, hucheza na kuchora, hasikii dosari. Mambo huwa mazito zaidi pikwa na pikia zinapoingia. Amepika, amepikwa, amepikiwa: herufi moja au mbili zinabadilisha nani kafanya nini. Kukariri maneno zaidi hakumsaidii mtoto huyu. Msaada ni kumpa orodha fupi, maneno manne au matano yenye kichwa kimoja na mikia tofauti, ayasome kwa kuonyesha kidole mahali yanapotengana, kisha aigize tendo. Dakika tano kila siku kwa wiki mbili hutosha kumvunjia tabia ya kukisia, ilimradi orodha ibadilike kila siku. Isipobadilika ataikariri nayo.

Irabu mbili zinazofuatana nazo zina mtego wake. Kata na kataa, kufa na kufaa. Mtoto anayesoma haraka humeza irabu ya pili, na hapo "dawa hii inafaa" inakuwa msiba. Ng' ya ng'ombe husomwa kama ng ya ngoma kwa sababu ile ritifaa, alama inayoning'inia juu kama koma iliyoruka, huachwa hata kwenye mabango ya bucha na jumbe za simu, basi mtoto aijulie wapi?

Lafudhi ni jambo la kutofautisha na kosa la kusoma. Mtoto anayesema "zahabu" kwa dhahabu, "samani" kwa thamani au "gali" kwa ghali amesoma sawasawa kwa ulimi wa kwao, na mpimaji aliyefunzwa hapaswi kumkata. Ndivyo ilivyo pia kwa l na r katika maeneo ambayo lugha ya nyumbani haizitenganishi. Ila mwalimu ajiridhishe kwa swali moja la maana: "kula" na "kura" ni kitu kimoja? Akijua tofauti, muache asome. Asipoijua, hilo ni somo la kusikiliza na kutamka, lipewe muda wake, lisimshushie alama za kusoma.

Halafu wapo wanaosoma a-na-ku-la, kila silabi sahihi, kisha wakiulizwa neno gani hilo wanakutazama tu. Kwao karatasi ya silabi ina alama nzuri na karatasi ya maneno ina mikwaju mitupu, na mara nyingi huambiwa hawana akili. Kilichokosekana ni kuunganisha. Kuimba silabi kwa pamoja darasa zima hutoa kila silabi mkazo sawa, wakati Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mtoto akipiga silabi zote sawa, neno alilolisikia tangu kuzaliwa linamfikia sikioni kama la kigeni. Mwambie azipitie silabi kimoyomoyo kwa kidole, kisha atamke neno zima mara moja, akikaza pale mbele ya mwisho: anakúla. Mara nyingi uso hubadilika papo hapo.

Makosa haya mengi yangepungua kama tungeanza vizuri. Mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulipobadilishwa mwaka 2015 na kuelekezwa kwenye KKK, mkazo uliwekwa kwenye sauti za herufi badala ya majina yake. Hilo lilikuwa jambo jema, lakini katika madarasa mengi mtoto bado hufundishwa "ke na a, ka". Masikio ya mtoto husikia kea. K haina irabu, itamkwe fupi, kama pumzi iliyokatwa. Kwa wanaoanza kabisa, konsonanti zinazoweza kuvutwa ni rahisi zaidi kuunganisha: mmm-a, sss-a, nnn-a. Huwezi kuvuta k wala t, kwa hiyo zije baada ya mtoto kuelewa mchezo wenyewe.

Tena hakuna sharti la kumaliza irabu zote tano ndipo tuguse konsonanti. Chukua a, i, u, kisha m, k na t. Kwa herufi sita tu mwalimu ana mama, mimi, kaka, kuku, taa, kiti, mti, kumi, tatu, kiatu, kata na kamata. Ana hata sentensi: Kaka akamata kuku. Mama akata mti. Mtoto wa wiki ya tatu au ya nne anasoma jambo lenye maana kwa herufi anazozijua zote, na m iliyosimama peke yake amekwisha kukutana nayo kwenye mti kabla chati haijamharibu. Ukienda kwa herufi mbili kwa wiki, Ijumaa ikawa ya kurudia, herufi zote pamoja na ch, dh, gh, kh, ng', ny, sh na th humalizika kwa wiki 16 hivi. Wanaokimbia zaidi ya hapo hurudi nyuma baadaye, tena kwa gharama kubwa.

Upande wa ufahamu, nitoe mfano wa kifungu ambacho mwalimu anaweza kukiandika mwenyewe kwa darasa la kwanza, muhula wa pili:

Neema ana kuku mweupe. Jana jioni kuku hakurudi bandani. Neema alimtafuta chini ya mwembe. Alisikia sauti ndani ya kikapu. Kuku alikuwa amelalia mayai sita.

Ni maneno 24, yahesabu. Kwa darasa la pili kiende hadi 50 au 60. Sentensi ni fupi, mhusika ni mmoja, tatizo ni moja, na sentensi ya mwisho wa habari ndiyo inayofungua fumbo. Maswali yake yanaweza kuwa: Kuku wa Neema ana rangi gani? Neema alimtafuta wapi? Kwa nini kuku hakurudi bandani? La mwisho halijaandikwa popote, mtoto analitoa kwa kuunganisha sentensi ya pili na ya tano. Lakini ukiuliza "Kuku hutaga nini?", umeharibu kipimo, kwa sababu hata mtoto asiyejua herufi moja atakujibu mayai. Kabla ya kutumia maswali yoyote, wajaribu watoto wawili ambao hawajasoma kifungu. Swali wanaloweza kulijibu litupwe.

Kuna hitilafu mbili katika kusoma matokeo ya ufahamu. Ya kwanza ni kwamba mtoto huulizwa maswali ya sehemu aliyofikia tu. Aliyesoma maneno tisa kwa dakika kabla ya kusimamishwa ataulizwa juu ya sentensi mbili, maswali mengine yakabaki tupu, na kwenye jumla ataonekana haelewi. Huyu tatizo lake ni mwendo, ufahamu wake hatujaupima. Ya pili ni kubwa zaidi, nayo ni mtoto anayesoma kifungu chote bila kosa kisha hajibu lolote. Kabla ya kusema hana ufahamu, mwalimu amsomee yeye kifungu kingine chenye ugumu ule ule, mtoto asikilize tu, kisha amuulize. Akijibu vizuri aliposikia, basi kusoma kunamla nguvu zote na anahitaji mazoezi ya ufasaha. Asipojibu hata aliposikia, tatizo ni Kiswahili chenyewe. Katika vijiji vingi Kiswahili ni lugha ambayo mtoto huianza shuleni. Mtoto wa namna hiyo ukimwongezea vifungu vya kusoma, unamwongezea maneno asiyoyajua. Anahitaji kuzungumza, kusimuliwa, kutajiwa vitu huku akivishika, na maneno kama sita ya kifungu kufundishwa kwa mdomo siku moja kabla. EGRA ina kipengele cha kusikiliza kwa ajili hii hii, ila shuleni hurukwa kwa madai kwamba si kusoma.

Kuhusu kasi, nina shaka na namna tunavyoizungumzia. Kasi ina maana yake: mtoto anayetumia sekunde tano kwa kila neno, akifika mwisho wa sentensi ya maneno manane ameshasahau mwanzo. Ndiyo maana tunapima kwa dakika. Hesabu yake ni rahisi, maneno yaliyosomwa toa yaliyokosewa, zidisha kwa 60, gawa kwa sekunde alizotumia. Aliyefika neno la 31 dakika ikaisha, na makosa matano, ana 26. Aliyemaliza maneno yote 60 kwa sekunde 48 na makosa sita ana 67 na nusu. Lakini idadi hizi hazilinganishwi kati ya lugha na lugha. Kenya, ambako mpango wa kufundisha kusoma uitwao Tusome ulifika shule za nchi nzima mwaka 2015, iliweka lengo la maneno 45 kwa dakika kwa Kiswahili na 65 kwa Kiingereza, na hakuna kejeli kwa Kiswahili hapo. "Sikuwaona" ni neno moja kwetu, Waingereza wanahitaji maneno manne au zaidi kulisema. Anayesema watoto wetu wanasoma polepole kuliko wa nchi fulani aanze na kuhesabu herufi.

Kasi ikigeuzwa kuwa shabaha, walimu hufundisha mbio. Dalili yake utaisikia kwa sikio: mtoto anapita kwenye nukta bila kupumua, sauti moja mwanzo hadi mwisho, maneno 70 kwa dakika na majibu sifuri. Mrudishe asome sentensi moja moja na akuonyeshe nani anazungumza. Dalili ya kukariri nayo haihitaji saa. Funika mstari wa juu, mwanzishe katikati ya ukurasa, au mwonyeshe neno moja lililo mwisho wa mstari. Aliyekariri hulazimika kurudi kimoyomoyo hadi mwanzo wa wimbo wake.

Najua jibu nitakalopewa: darasa lina watoto 90, nani ana nafasi ya kukaa na mmoja mmoja? Tufanye hesabu. Kifungu kifupi na maswali matatu huchukua dakika tatu. Watoto watano kwa siku ni dakika 15, wakati wengine wanaandika au wanasoma wawili wawili. Siku 18 za shule, yaani chini ya wiki nne, darasa zima limepimwa na unaanza upya. Vifaa ni karatasi ya mtoto, simu yenye saa ya sekunde, na daftari la kawaida lililogawanywa safu nne: jina, tarehe, neno lililoandikwa, alichosoma. Safu ya nne ndiyo roho ya daftari. Usiandike "amekosea". Andika "mutoto", andika "anachora badala ya anacheza", andika "kimya". Ukikosa muda wa kuandika yote, andika makosa matatu ya kwanza, yanatosha kuonyesha mwelekeo. Mketishe mtoto ubavuni mwako, si mbele ya darasa, na umsogezee karatasi umbali wa urefu wa mkono wake. Anayeisogeza hadi puani apelekwe kupimwa macho kabla ya kupangiwa kundi lolote.

Ijumaa pitia daftari. Utakuta makosa hayatawanyiki ovyo, yanajikusanya. Wale wa "mutoto" wako kumi na tatu, wa b na d wanane, wa kukisia mkia wa kitenzi ishirini na zaidi. Hayo ndiyo makundi yako ya wiki ijayo, dakika kumi kila kundi, na yavunjwe mara kosa linapokwisha. Yasipewe majina ya tai na kobe, maana watoto hutafsiri majina hayo upesi kuliko tunavyodhani. Walimu wakikutana katika vikao vya MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, daftari hizi zingefaa kufunguliwa mezani badala ya kujadili asilimia za kata. Darasa lenye wengi wa kosa moja linasema jambo kuhusu mafunzo yake, na mwalimu wa darasa la pili akiona "makitaba" thelathini anajua cha kumnong'oneza mwenzake wa darasa la kwanza.

Nawe Mhariri nina maombi mawili. Mnapochapisha asilimia za kusoma, waulizeni wanaozitangaza walipima kwa maandishi ya kiwango gani, waliwapima walioko shuleni tu au na walioko nyumbani, na mtoto alihesabiwa "anajua kusoma" alipofika ngazi ipi. Bila hayo, takwimu za mwaka huu na za mwaka juzi huenda zinapima vitu viwili tofauti, na kichwa cha habari kikasema zimepanda au zimeshuka.

La pili ni la nafasi ndogo. Shule nyingi zina kitabu kimoja tu cha kusomea, na watoto wamekimaliza kwa kukariri. Gazeti lako hufika hata pale ambapo kitabu kipya hakifiki, iwe dukani au kwenye karatasi ya kufungia karanga. Tenga kona moja kila wiki kwa kifungu kipya cha maneno 50 na maswali matatu. Herufi ziwe kubwa, walau mara mbili ya hizi za barua, na a iwe ile ya duara na kijiti kama ya daftarini, maana a yenye paa huwachanganya wanaoanza. Mstari usimkate mtoto neno katikati kwa kistari kama ilivyo desturi ya safu za magazeti. "Ana-" ikibaki juu na "cheza" ikaangukia chini, kwake ni maneno mawili. Idadi ya maneno iandikwe pembeni mwa kila mstari ili mwalimu asihesabu kwa kidole. Ritifaa ya ng'ombe isisahauliwe.

Mwalimu wa madarasa ya awali,
Singida